Bandari Hazikuwa Nje ya Vita

Kuna maoni kuhusu Vita vya Majimaji yaliyozoeleka kiasi kwamba siku hizi hayatolewi tena kama maoni. Husemwa kana kwamba ni taarifa. Yanasema hivi: vita vya 1905 hadi 1907 vilikuwa vya watu wa bara, Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wangoni na wenzao, watu waliohifadhi habari zao kwa mdomo. Miji ya pwani ya kusini, Kilwa Kivinje na Lindi, ilikuwa upande wa pili. Huko ndiko walikotoka maakida waliokusanya kodi, huko ndiko manowari za Wajerumani zilikotia nanga, na huko ndiko washairi walikokaa wakiwasifu washindi. Basi anayetaka kuvijua vita hivyo aende vijijini kwa wazee, kisha asome tamthilia ya Kinjeketile. Maandishi ya watu wa bandarini ayaache, kwa kuwa ni maneno ya vibaraka.

Maoni haya hayakuzuka bure, na haitakuwa haki kuyapinga kabla ya kutaja nguvu yake. Ni kweli kwamba kwa zaidi ya nusu karne waliosimulia vita hivi kwa maandishi walikuwa hasa waliovishinda. Gavana von Götzen mwenyewe, aliyeviendesha, alitoa kitabu chake Berlin mwaka 1909, na kwa muda mrefu kitabu hicho kilikuwa kama hati ya mwisho. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipopelekwa vijijini mwaka 1968 kukusanya kumbukumbu za wazee, na Gilbert Gwassa na John Iliffe walipochapisha kumbukumbu za namna hiyo, ilikuwa mara ya kwanza sauti ya aliyepigwa kuwekwa mbele ya sauti ya aliyepiga. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Ni kweli pia kwamba akida wa Kibata alikuwa mtu wa pwani, na kwamba wapiganaji waliwashambulia wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili pamoja na walowezi. Hakuna sababu ya kuficha lolote kati ya hayo. Ninachokataa ni hitimisho linalotolewa: kwamba miji ya bandari ilikuwa nje ya vita, na kwamba walichoandika watu wake hakitufai. Hitimisho hilo limejengwa juu ya ramani isiyo sahihi, picha ya mji isiyo sahihi na namna ya kusoma isiyo ya haki, na gharama yake inalipwa hadi leo.

1. Ramani

Tuanze na ardhi yenyewe. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, huko Nandete, kwa kung'oa miche ya pamba ya serikali. Vilima hivyo haviko bara ya mbali. Mtu akishuka kutoka kwenye vilima anafika Samanga, ambayo iko pwani, na Samanga ilishambuliwa siku chache tu baada ya pamba kung'olewa. Kinjikitile Ngwale, aliyekuwa akitoa dawa ya maji kule Ngarambe, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, karibu na delta ya Rufiji. Askofu Cassian Spiss na wenzake, waliouawa tarehe 14 Agosti, walikuwa wameshuka Kilwa na kushika njia ya Liwale, njia ile ile ya misafara iliyoulisha mji wa Kilwa kwa vizazi. Misheni ya Nyangao, iliyoshambuliwa mwishoni mwa mwezi huo huo, iko kwenye njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi. Ukiweka kidole juu ya matukio haya ya mwezi wa kwanza wa vita, mkono wako hauachani na njia zinazoishia Kilwa Kivinje na Lindi.

Jambo hili si bahati ya jiografia. Kilwa Kivinje haikuwa mji uliojitegemea ukitazama bahari huku umeipa bara mgongo. Uliishi kwa kile kilichoshuka kutoka bara: pembe, sandarusi, mpira wa mwituni, nafaka, na katika karne ya 19 watu waliouzwa. Lindi ilikuwa vivyo hivyo na Bonde la Lukuledi na nchi ya Wamwera. Kwa mji wa namna hiyo, njia ya bara ikifungwa, vita vimeingia sokoni kabla askari hajaonekana. Hakuna mzigo, hakuna deni linalolipwa, hakuna nafaka ya kutosha, na wapagazi hawana kazi au wanachukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya jeshi. Kusema kwamba mji kama huo ulikuwa nje ya vita kwa sababu mapigano makubwa yalitokea umbali wa siku kadhaa kwa miguu ni kupima vita kwa risasi peke yake. Kwa kipimo hicho, karibu kila mama aliyebaki na watoto kijijini Umatumbi naye angekuwa nje ya vita, na hakuna anayethubutu kusema hivyo.

2. Akida si mji

Hoja inayopendwa zaidi ni ya maakida. Walikuwa Waswahili na Waarabu wa pwani, walichapa watu viboko, walikusanya kodi ya kichwa na ya nyumba, walisimamia pamba ya lazima. Kwa hiyo pwani ilikuwa upande wa Wajerumani. Hoja hii inachukua watumishi wachache wa serikali na kuwafanya kuwa mji mzima. Tukiitumia kwa haki, itabidi tuseme pia kwamba bara ilikuwa upande wa Wajerumani, kwa kuwa majumbe waliosimamia mashamba hayo ya pamba walikuwa wenyeji wa vijiji vyenyewe, na kwa kuwa askari waliovizima vita walikuwa Waafrika kutoka pande nyingi. Jeshi la Kijerumani la Wissmann lilianza mwaka 1889 na Wasudani waliochukuliwa Misri na watu wa kusini ya Msumbiji, kisha likaandikisha vijana wa makabila ya bara. Hakuna anayesema kwamba kabila fulani la bara lilikuwa kibaraka kwa sababu lilitoa askari. Kwa nini Kilwa peke yake ihukumiwe kwa maakida wake?

Watu hao hao wanaoihukumu Kilwa wanaisifu katika ukurasa wa pili. Septemba 1888, miaka kumi na saba kabla ya Majimaji, watu wa Kilwa waliwaua maofisa wawili wa kampuni ya Kijerumani waliokuwa wametumwa kuutwaa mji, na maofisa wa Lindi na Mikindani wakakimbia. Mwaka 1894 Hassan bin Omari, anayejulikana kama Makunganya, alishambulia boma la Kilwa Kivinje; mwaka uliofuata alikamatwa na kunyongwa mjini humo, na Mwembe Kinyonga unabaki kwenye kumbukumbu ya mji kwa sababu ya kunyongwa kule. Makunganya huhesabiwa miongoni mwa mashujaa wa taifa. Hatuwezi kuwa na yote mawili: mji uliotoa upinzani wa kwanza kusini, halafu, bila maelezo yoyote, mji uliozaliwa ukiwa kibaraka. Maelezo yapo, ila yanahitaji tuutazame mji. Kati ya 1895 na 1905 Kilwa ilikuwa imeona wakubwa wake wakining'inia. Mji ulionyamaza mwaka 1905 ulikuwa na sababu ya kunyamaza ambayo Nandete haikuwa nayo bado.

Isitoshe, mji wenyewe haukuwa wa watu wa aina moja. Mwaka 1905 utumwa ulikuwa bado halali katika koloni. Amri ya serikali ya 1904 iliwaacha huru watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 tu, si wazazi wao. Ndani ya Kilwa na Lindi walikuwamo watumwa, watoto wa watumwa na walioachwa huru ambao asili yao ilikuwa Uyao, Ungindo, Unyasa na nchi ya Wamwera. Wengine walilima mashamba ya pembezoni mwa mji, wengine walibeba mizigo, wengine walikuwa mafundi na wavuvi, wanawake walipika, wakauza, wakalea. Habari ya kwamba boma la Liwale limechomwa, kwa mtu kama huyo, haikuwa habari ya ugenini. Ilikuwa habari ya kwao. Bara ilikuwa inaishi ndani ya bandari, na yeyote anayechora mstari kati ya pwani na bara katika vita hivi anaupitisha katikati ya nyumba za watu hawa bila kuwauliza. Mstari huo, tusisahau, serikali ya kikoloni nayo iliupenda sana: Mswahili mstaarabu huku, mshenzi kule. Ni jambo la kusikitisha kuuona ukirudi kwenye maandishi ya wazalendo, umegeuzwa tu upande wa sifa na upande wa lawama.

3. Utenzi wa Lindi

Hapa ndipo penye kiini cha ubishi. Abdul Karim bin Jamaliddini, mkazi wa Lindi, alitunga utenzi kuhusu Vita vya Majimaji. Utenzi huo ulichapishwa Berlin mwaka 1933 na A. Lorenz, na mwaka 1957 ukatolewa tena Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W.H. Whiteley. Hii ni kazi ndefu ya Kiswahili juu ya vita hivyo, iliyotungwa na mtu aliyeishi katika mji uliovikabili, karibu na wakati wake, na inavieleza kama vilivyoonekana kutoka Lindi. Katika taifa ambalo limeviweka vita hivi kwenye msingi wa historia yake, mtu angetarajia utenzi huo ujulikane na kila mwanafunzi wa sekondari. Haujulikani. Na anayeutaja hujibiwa haraka kwamba mtunzi alikuwa upande wa wakubwa, anawadharau wapiganaji, basi yaliyomo ni propaganda.

Tukubali kwa ajili ya ubishi kwamba mtunzi hakuwapenda wapiganaji hata kidogo. Nini kinafuata? Kitabu cha Götzen kiliandikwa na mtu aliyetoa amri za kuchoma vijiji, na hakuna mwanahistoria aliyewahi kusema kitupwe. Kinasomwa kwa uangalifu, kinalinganishwa na vyanzo vingine, kinachukuliwa kile kinachofaa na kukanushwa kile kisichofaa. Ripoti za maofisa wa jeshi, barua za wamisionari, madaftari ya boma, vyote vinapewa haki hiyo hiyo. Ni mwenyeji wa Lindi peke yake, aliyeandika kwa lugha yetu, anayetakiwa kwanza athibitishe usafi wa moyo wake ndipo asomwe. Mzungu anaruhusiwa kuwa na upande na bado akawa chanzo. Mswahili akiwa na upande anakuwa msaliti na maandishi yake yanakufa naye. Sijui kanuni ya elimu inayoweza kutetea tofauti hiyo.

Halafu tujiulize mtunzi huyo alikuwa anaishi wapi. Aliishi penye boma, askari, liwali na kitanzi. Utenzi wa vita, kama fani, una desturi zake: unafungua kwa kumtaja Mungu, unawataja wenye nguvu kwa vyeo vyao, unahesabu safari na mapigano. Hemedi bin Abdallah, aliyetunga utenzi juu ya kuja kwa Wajerumani Mrima katika miaka ya 1880, aliwaandika kama maadui kwa kuwa wakati ule kulikuwa bado na cha kupigania. Mtu wa Lindi baada ya 1905 aliandika mahali ambapo hicho kilikuwa kimekwisha. Sifa zinazotolewa chini ya boma ni ushahidi wa boma. Zinatuonyesha kilichoruhusiwa kusemwa, na msomaji makini huanza kutafuta kile kilichopitishwa pembeni: nani ametajwa kwa jina na nani ameachwa, malalamiko gani yamewekwa mdomoni mwa mwingine, mahali gani msimulizi anaharakisha. Kazi hiyo ya kusoma ndiyo fasihi inayoitaka. Kuikwepa kwa neno moja, kibaraka, ni uvivu wenye sura ya uzalendo.

Kuna pia upande wa pili wa mizani, ambao husemwa kwa sauti ya chini kwa kuogopa kuonekana mtu anadharau wazee. Kumbukumbu za 1968 zilikusanywa miaka sitini na zaidi baada ya vita. Kijana wa miaka ishirini wa 1905 alikuwa na zaidi ya themanini. Wengi waliosimulia walikuwa watoto wakati ule, au walisikia kwa wazazi. Zilikusanywa mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, katika nchi iliyokuwa inatafuta mizizi ya umoja wake, na ambayo kiongozi wake alikuwa amekwisha kuyataja Majimaji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kama ushahidi kwamba watu hawakukubali kutawaliwa. Mzee aliyeulizwa na mwanafunzi wa chuo kikuu mwaka 1968 alijua, kama vile mtunzi wa Lindi alivyojua, ni masimulizi gani yanayopokewa vizuri. Silisemi hili ili kuziangusha kumbukumbu hizo. Ni hazina, na bila hizo tungebaki na Götzen. Nasema tu kwamba kila ushahidi wa vita hivi ulitolewa chini ya macho ya mwenye mamlaka fulani. Ukiukataa utenzi kwa sababu hiyo, ukatae na masimulizi. Ukiyapokea masimulizi kwa uangalifu, upokee na utenzi kwa uangalifu ule ule.

Na tamthilia je? Tunaambiwa tuache maandishi ya bandarini, tusome Kinjeketile. Lakini aliyeiandika tamthilia hiyo, Ebrahim Hussein, ni mzaliwa wa Kilwa. Kazi iliyotoka mwaka 1969 na kuwa picha ya Majimaji katika akili ya karibu kila msomaji wa Kiswahili ni kazi ya mtoto wa bandari. Tena Hussein alikuwa mwangalifu kuliko wanaomtumia: alibadili herufi za jina la mganga wa Ngarambe kwa makusudi, akaeleza kwamba mhusika wake ni wa kubuni, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Wanaomweka mahali pa ushahidi wanafanya kile alichowaonya wasifanye, na papo hapo wanatupa ushahidi wa kweli wa mtu wa Lindi. Hawaoni kwamba maswali yanayoisumbua tamthilia hiyo, imani inayowaunganisha watu na wakati huo huo kuwapeleka mautini, neno ambalo likishatamkwa halirudi, yana historia ndefu katika fasihi ya miji hii ya Waislamu, mashehe na watunzi wa tenzi. Mkikata mzizi huo, mnabaki na tamthilia iliyodondoka kutoka hewani.

Jambo la mwisho kuhusu utenzi linavunja hoja yote ya mdomo dhidi ya kalamu. Utenzi hautungwi usomwe kimya. Unaghaniwa kwa mahadhi, barazani au nyumbani, mbele ya watu ambao wengi wao hawakusoma. Mpagazi, mvuvi, mtumishi wa jikoni walikuwa wasikilizaji wa fasihi ya mji wao. Kwa hiyo wanaosema kwamba kuwasikiliza wasiojua kusoma ni kuuacha utenzi wameikosea fani yenyewe. Katika pwani hii karatasi na sauti hazikuwa kambi mbili.

4. Serikali iliijua nguvu ya karatasi

Kama maandishi ya pwani yalikuwa kelele za vibaraka, inashangaza jinsi watawala walivyoyaogopa. Makunganya alipokamatwa mwaka 1895 alikutwa na barua zilizowahusisha watu wa mjini na harakati zake. Upinzani wake ulikuwa na makatibu, wino na wapeleka barua. Mwaka 1907, vita vinapokwisha, Carl Velten alichapisha Berlin mkusanyo wa maandishi ya Waswahili wenye habari za miji ya Kilwa Kivinje, Lindi, Sudi na Mikindani: jinsi kila mji ulivyoanza, nani alikuja, nani alikuwa na haki gani juu ya ardhi na ushuru. Habari hizo hazikuandikwa kwa ajili ya burudani. Ni madai ya watu ambao haki zao zilikuwa zimechukuliwa, yakiwekwa kwenye lugha ya nasaba na desturi kwa sababu lugha ya siasa ilikuwa hatari.

Ushahidi mkubwa zaidi ni wa 1908. Katikati ya mwaka huo ilienea wilaya ya Lindi, kisha sehemu nyingine za koloni, barua iliyodaiwa kutoka kwa mlinzi wa kaburi la Mtume, ikitangaza kwamba mwisho wa dunia umekaribia na kuwaita Waislamu watubu na kuishika dini. Barua ya namna hiyo haikuwa mpya katika ulimwengu wa Kiislamu. Ilikuwa ikizunguka nchi nyingi kwa miaka mingi. Lakini ilipofika Lindi, mwaka mmoja baada ya vita, maofisa waliingiwa na hofu ya Majimaji ya pili. Walimu wa Kurani walihojiwa, nakala zikatafutwa, njia ya barua ikafuatiliwa hadi Unguja. Wanaosema kwamba bandari ilikuwa upande wa serikali wangemwuliza ofisa wa Lindi wa 1908 kama naye aliamini hivyo. Na jambo lililomtisha lilikuwa sahihi kwa namna ambayo hakuielewa: baada ya njaa na vifo, watu wengi wa nyuma ya Lindi na Kilwa walikuwa wakiingia Uislamu na tarika, hasa Qadiriya, wakijenga misikiti na vyuo vya Kurani vijijini. Jamii iliyovunjwa ilikuwa inajiunga upya kwa dhikri, kwa kitabu na kwa mwalimu aliyetoka pwani au aliyesomea huko. Huo ndio ulikuwa mwendo wa fasihi baada ya vita. Haukuishia mjini, na hauwezi kuonekana na mtu ambaye amekwisha amua kwamba bara ni mdomo na pwani ni kalamu.

5. Gharama

Pingamizi moja linastahili jibu kamili. Mtu anaweza kusema: haya yote ni kweli, lakini waliokufa walikuwa Wangindo na Wamatumbi, si washairi wa Lindi, na kuirudisha bandari katikati ya hadithi ni kuwapokonya wafu wao mara ya pili. Pingamizi hili lina uzito wa maadili, na kwa hiyo tuulize waliokufa walikufaje. Hesabu ya Wajerumani ilikuwa watu 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kwa hesabu yoyote, wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa baada ya maghala kuchomwa, mazao kung'olewa na mbegu kuchukuliwa, kwa uamuzi wa jeshi. Njaa hiyo haina mpaka kati ya bara na pwani. Nafaka iliyochomwa kwenye vilima ndiyo nafaka ambayo haikushuka Kilwa. Mtu aliyekimbia njaa alishuka kuelekea penye chakula na kazi, yaani bandarini, na huko aliingia kwenye maisha ya kibarua, ya deni, ya kumtegemea mwenye nyumba. Anayeishia kuhesabu maiti za uwanja wa vita huko bara hawezi kuifuata safari hiyo. Anayeitazama bandari anaweza.

Ndivyo tunavyopoteza kilichofuata. Nchi iliyobaki tupu kati ya Kilwa na Liwale ilikaliwa na nguruwe pori na tembo, kisha sehemu yake ikaingizwa katika pori la akiba lililoitwa Selous. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwahamisha hata watu waliokuwa wamebaki magharibi ya Liwale kwa sababu ya malale. Watalii huambiwa ni nyika ya asili. Mwaka 1906, vita vikiendelea, mhandisi Bernhard Sattler aliona mifupa mikubwa Tendaguru, nyuma ya Lindi. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya vibarua walichimba na kubeba zaidi ya tani 200 za mifupa hiyo hadi bandari ya Lindi, siku kadhaa za mwendo, ili ipelekwe Berlin. Kwamba wapagazi wengi hivyo walipatikana katika nchi iliyotoka kwenye njaa si jambo la kulipita bila kuuliza. Mifupa ilipewa ukumbi Berlin. Utenzi wa Lindi ulichapishwa katika jiji hilo hilo. Mifupa tunadai irudishwe. Utenzi, ambao tayari umerudi tangu 1957, hatuusomi.

Kisha vikaja vita vingine, vya Wajerumani na Waingereza, kabla watoto wa Majimaji hawajakua. Oktoba 1914 Waingereza waliikuta meli ya Kijerumani Präsident imefichwa mtoni Lukuledi, Lindi. Machi 1916 meli Marie ilipenya hadi Sudi, na shehena yake ya silaha ikachukuliwa bara vichwani mwa watu. Septemba 1916 Waingereza walizitwaa Kilwa na Lindi. Desemba ile mapigano yakawa Kibata, kwenye vilima vile vile vya akida wa 1905. Julai 1917 yakawa Narungombe, na Oktoba yakawa Mahiwa, karibu na Nyangao ile ile iliyoshambuliwa miaka kumi na miwili kabla, ambako Waingereza peke yao walipoteza zaidi ya watu 2,000 kwa kufa na kujeruhiwa. Pande zote mbili zililisha majeshi yao kwa chakula cha wenyeji na kuwabebesha wenyeji hao mizigo. Vitabu vya Ulaya vinaisimulia kampeni hii kama mchezo wa akili kati ya majenerali katika nchi isiyo na watu. Tumeshindwa kulijibu simulizi hilo kwa sababu ya maoni ninayoyapinga hapa: kama miji hii haikuwa uwanja wa nyumbani wa vita vya kwanza, hakuna anayeona haja ya kuuliza iliishije katika vya pili, nani alitunga nini, kasida gani zilisomwa kwa ajili ya waliochukuliwa upagazi wasirudi.

Ninachodai ni kidogo na kinawezekana. Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini utolewe kwa bei ambayo mwanafunzi wa Nangurukuru au Mtama anaweza kuilipa, bila tafsiri ya Kiingereza pembeni, ukiwa na maelezo ya Kiswahili yanayotaja kila kijiji na kila mtu anayeweza kutambulika. Katika jalada hilo hilo ziwekwe kumbukumbu za wazee za 1968 zinazohusu matukio yale yale, ukurasa ukikabili ukurasa, pamoja na habari za miji zilizokusanywa na Velten. Pale vyanzo vinapopingana, msomaji aachiwe mgongano huo bila kusuluhishwa na mhariri. Na mwalimu wa historia wa Kilwa anapowafundisha watoto kwamba vita vilianza Nandete, awaeleze pia nani alikuwa amelala mjini kwao usiku ule: akida, mtumwa wa Kingindo, mke wa mpagazi, katibu aliyejua kuandika barua kwa herufi za Kiarabu, na askari aliyetoka nchi ambayo hakuna mmoja wao aliyewahi kuiona.